Shule Ipo, Mwanafunzi Yuko Malishoni: Elimu ya Watoto wa Wafugaji Wanaohama Imekwama Wapi?

Kila Januari shule zinapofunguliwa, habari huwa ile ile: machifu wa Tana River, Garissa na kaunti nyingine kame za Kenya wametakiwa kupita nyumba kwa nyumba kuwasaka watoto wasioripoti darasani. Huku Mombasa, kwenye baraza za kahawa, hukumu hutoka kabla kikombe hakijapoa. Wazazi wa kule hawataki elimu. Wanathamini ng'ombe kuliko mtoto. Shule zimejengwa, karo imeondolewa, sasa wafanyiwe nini tena?

Karibu kila kipande cha hukumu hiyo kina kasoro, na inafaa kuzifungua moja moja.

Tuanze na tunaowazungumzia. Si kila mwenye mifugo ni mhamaji. Mduruma wa Kinango mwenye ng'ombe kumi na boma lisiloondoka anaumizwa na ukame, lakini shule ya mtoto wake iko pale pale mwaka mzima. Mfugaji anayehama ni yule ambaye nyumba yake nzima, au nusu ya nyumba, huondoka kufuata maji na malisho: Waorma na Wawardei wa Tana River, Wasomali wa Garissa, Wajir na Mandera, Waborana na Wagabra wa Isiolo na Marsabit, Wasamburu, Waturkana, Wapokot na baadhi ya Wamaasai. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 260, inawahesabu wafugaji, wawe wanahama au wametulia, miongoni mwa jamii zilizoachwa pembeni pale umbali wa makao yao unapowanyima nafasi ya kushiriki maisha ya nchi kama wengine. Kifungu cha 53 kinampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Cha 56 kinaidai serikali ibuni mipango maalumu ya kuzipa jamii hizo nafasi katika elimu. Kwa hiyo mtu akisema "wafugaji wanapendelewa", jibu ni kwamba upendeleo huo umo kwenye Katiba.

Wanaowajibika nao huchanganywa. Darasa la PP1 na PP2, yaani chekechea, ni la serikali ya kaunti. Kuanzia Gredi ya 1 ni la serikali kuu. Mwalimu wa gredi hizo huajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu, TSC. Juu ya hao kuna Baraza la Kitaifa la Elimu ya Wafugaji, NACONEK, lililoundwa kwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013. Nigeria ilikuwa na chombo kama hicho tangu 1989, yaani sisi tulichelewa kwa miaka zaidi ya ishirini.

Kuhama si kutangatanga

Mtu wa mwambao ataelewa upesi akimkumbuka mvuvi wa dago. Anatoka Pemba na wenzake, anafuata samaki kwa msimu, kaskazi ikivuma yuko pwani hii na kusi ikishika ameondoka. Kila kambi anaijua kwa jina, na anajua amwone nani kabla ya kupandisha chombo ufukweni. Mfugaji naye ana njia zake, visima vyake na wenyeji wa kuzungumza nao kabla mifugo haijaingia.

Katika Tana River mwaka huenda hivi. Mvua ya masika na ya vuli zikinyesha, mifugo hukaa mbali na mto, kule ambako mabwawa yamejaa na majani yamechipua. Kiangazi cha Januari hadi Machi, na kile cha Julai hadi Septemba, huteremka kwenye Mto Tana na Delta yake kupitia malka, vile vichochoro vya kushukia mtoni ambavyo kila mara huzua ugomvi vikizibwa na mashamba.

Sasa weka kalenda ya shule juu ya hiyo. Muhula wa kwanza, ndio wa kusajili wanafunzi, unaangukia katikati ya kiangazi. Mtoto anaandikishwa shule ya karibu na mto. Muhula wa pili unafunguliwa mwisho wa Aprili au mapema Mei, mvua imeshanyesha, na familia inarudi bara. Jina linabaki kwenye rejista, mtoto hayupo. Mwalimu mkuu anamwandika mtoro. Kule alikokwenda hakuna shule, au ipo na haimtambui.

Tena mara nyingi haihami nyumba yote. Waorma na Waborana hugawa mifugo: wanaokamwa hubaki na kina mama, wazee na watoto wadogo karibu na kijiji, na wasiokamwa hupelekwa fora, kambi ya mbali inayoendeshwa na vijana. Ndiyo sababu shule moja yaweza kuwa na wasichana wengi wadogo na wavulana wachache wa miaka kumi na mbili. Mbuzi hulishwa peke yao, ndama peke yao, ng'ombe peke yao, maana hawali kitu kimoja wala hawanywi kwa zamu moja. Wakati wa ukame ng'ombe hunyweshwa baada ya siku mbili au tatu, ilhali ngamia huvuka wiki bila maji. Kila kundi linataka mchungaji wake. Baba mwenye wavulana watatu ana kazi nne. Swali linalomkabili ni mtoto yupi aende shule na yupi abaki, na wengi hujibu kwa kuwagawa, huyu kalamu na huyu fimbo. Asiyetaka elimu asingempeleka hata mmoja.

Wasichana wana hesabu nyingine. Kadiri maji yanavyokuwa mbali ndivyo saa za msichana zinavyoliwa na madumu, na ndoa ya mapema humfikia kabla hajamaliza Gredi ya 6. Hapo mila ina lawama yake na haifai kupakwa rangi. Ila hata hapo, kisima kilichochimbwa karibu na shule hufanya kazi ambayo mikutano kumi ya kuhamasisha haifanyi.

Hesabu ya umbali na hesabu ya pesa

Sensa ya 2019 iliihesabu Mombasa watu 1,208,333 kwenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 220, yaani takriban watu 5,500 kwa kila kilomita ya mraba. Tana River ilikuwa na watu 315,943 kwenye karibu kilomita za mraba 38,000: watu wanane.

Chukulia robo ya watu ni watoto wa umri wa kwenda shule. Tana River utapata watoto wawili kwa kilomita ya mraba. Ukitaka shule ya wanafunzi 320 tu, lazima uwakusanye kutoka kilomita za mraba 160, duara ambalo ukingo wake uko kilomita saba kutoka shuleni. Hiyo ni kilomita kumi na nne kwa siku, kwenda na kurudi, kwa mtoto wa miaka sita, juani. Ukweli ni kwamba watu hawajatawanyika sawasawa. Wengi wako kando ya mto na mijini. Lakini hilo linamfanya aliye mbali awe mbali zaidi. Ndiyo maana hoja ya "waongezewe madarasa" haijibu swali. Utajenga darasa kando ya barabara, litajaa watoto wa waliotulia, na ripoti itasema idadi imepanda.

Kuhusu pesa, watu wengi hudhani elimu ya bure maana yake serikali inalipia shule. Inalipia mwanafunzi. Tangu 2003 mgao hufuata vichwa, na kwa shule ya msingi, miaka ya karibuni, umekuwa shilingi 1,420 kwa mtoto kwa mwaka. Shule ya Kisauni, Mombasa, yenye watoto 900 ikipata mgao wake wote itapokea shilingi 1,278,000. Shule ya malishoni yenye watoto 60 itapokea 85,200. Mlinzi ni mmoja kote kuwili. Gari la maji, linalohitajika malishoni na wala si Kisauni, halipunguzi bei kwa sababu watoto ni wachache. Mfumo huu haukubuniwa kumdhulumu mfugaji. Ulibuniwa na watu waliozoea shule zinazojaa.

Halafu kuna vitu ambavyo neno "bure" halivigusi: sare, na kwa anayelala bweni, sanduku la bati, godoro, shuka, sabuni, nauli. Kwa familia ambayo akiba yake inatembea kwa miguu minne, vitu hivyo ni mbuzi wa kuuzwa, na Januari mbuzi huwa amekonda, bei yake iko chini kuliko mwezi wowote wa mvua. Tarehe ya kufungua shule inamlazimisha auze siku mbaya ya soko.

Karatasi

Hapa ndipo pagumu kuliko pote, na ndipo pasipozungumzwa.

Ili mtoto ahesabiwe kwenye mgao, shule humwingiza kwenye mfumo wa kompyuta wa Wizara ya Elimu, NEMIS, ambao sasa unaachia nafasi mfumo mpya wa KEMIS. Kumwingiza kumekuwa kukihitaji nambari ya cheti cha kuzaliwa. Cheti kinahitaji taarifa ya kuzaliwa: aliyezaliwa hospitali hupewa na hospitali, aliyezaliwa nyumbani huandikiwa na naibu wa chifu. Sheria inataka usajili ufanyike ndani ya miezi sita. Mtoto aliyezaliwa fora, siku mbili za kutembea kutoka kwa naibu wa chifu, mara nyingi hupitisha miezi hiyo, na baada ya hapo ni usajili wa kuchelewa, wenye fomu zaidi, ada zaidi na vithibitisho: kadi ya kliniki, barua ya shule, vitambulisho vya wazazi.

Vitambulisho vya wazazi navyo vina hadithi yake. Kwa miaka mingi mwombaji wa kitambulisho kutoka kaunti za mpakani, hasa Msomali, alipitishwa kwenye kamati ya ziada ya kumchuja, mpaka Rais William Ruto alipotangaza kuiondoa Februari 2025. Baba asiye na kitambulisho huzaa mtoto asiye na cheti, mtoto asiye na cheti hana nambari kwenye mfumo, asiye na nambari hana mgao, na akifika kwenye mtihani wa taifa mwalimu huanza kukimbizana na ofisi dakika za mwisho. Watoto wa Mombasa hukutana na mlolongo huu pia, lakini ofisi ya usajili kwao ni nauli ya matatu.

Mtaala mpya umeongeza fundo jingine. Zamani, chini ya mfumo wa 8-4-4, mtoto aliyesoma kwa kukatika-katika angeweza kufanya KCPE, mtihani wa kumaliza darasa la nane, siku tatu akafaulu. Sasa Baraza la Mitihani, KNEC, humpa mwanafunzi nambari ya tathmini katika Gredi ya 3 inayomfuata hadi Gredi ya 9. Alama za kumpeleka sekondari pevu hujengwa kwa vipande: asilimia 20 kutoka tathmini ya Gredi ya 6, asilimia 20 kutoka tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8, na 60 kutoka mtihani wa Gredi ya 9. Kwa mtoto aliyetulia huu ni uungwana, kwa sababu siku moja mbaya haimwangamizi. Kwa anayehama ni mtego: tathmini ya shuleni hufanywa muhula ambao yuko ng'ambo ya kaunti, na pengo hilo halizibwi na akili aliyo nayo siku ya mtihani.

Yaliyojaribiwa

Dawa kongwe zaidi ni shule za bweni za gharama nafuu, zilizoanzishwa kwenye maeneo kame tangu miaka ya 1970. Wazo ni rahisi: mzazi ahame, mtoto abaki. Zimesomesha watu wengi sana, wakiwemo wabunge na magavana wa leo. Kinachoziangusha ni chakula na msongamano. Chakula kikichelewa wiki mbili, watoto hutumwa nyumbani, na nyumbani kumeshahama. Mzazi wa msichana huuliza nani analala naye jengo moja na choo kiko wapi, na hana kosa kuuliza. Isitoshe mtoto wa miaka sita ni mdogo mno kulala bweni. Mwishoni mwa 2022 Wizara ilipotangaza nia ya kuondoa bweni kwa madarasa ya chini, wengi mjini walishangilia, na ikabidi ifafanuliwe kwamba kwenye kaunti za wafugaji bweni haliwezi kuondolewa vivyo hivyo.

Ya pili ni shule inayohama, ambayo Sheria ya 2013 inaitambua kama shule rasmi. Watu huidhania kuwa ni gari lenye madawati. Kwa kawaida ni mwalimu mmoja, hema au kivuli cha mgunga, ubao wa kukunja, sanduku la vitabu, mikeka, taa ya sola, na punda au ngamia wa kubeba. Watoto ishirini na tano au thelathini wa gredi tofauti hukaa pamoja. Masomo ni alfajiri kabla mifugo haijatoka, na jioni baada ya kukamuliwa. Samburu wana mtindo wa jioni tu, uitwao lchekuti, kwa wachungaji waliopitwa na umri wa kuanza Gredi ya 1.

Zinaposhindwa, sababu ni zile zile. Mwalimu huwa wa mkataba, analipwa na mradi, na mradi ukiisha mshahara umeisha. TSC inadai diploma, na diploma ya ualimu wa msingi inadai alama ya C kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, alama ambayo vijana wachache wa kule huipata kwa sababu ya shule hizo hizo. Mwalimu wa kutoka mbali, hata akipewa marupurupu ya mazingira magumu, hajui Kiorma wala Kisomali. Sera inataka gredi tatu za mwanzo zifundishwe kwa lugha ya mahali, na sisi wa Pwani tusijidanganye kwamba Kiswahili ndicho: mtoto wa Kiorma kutoka bara hukutana na Kiswahili kama mgeni. Usalama nao umewafukuza walimu. Baada ya walimu watatu kuuawa Kamuthe, Garissa, Januari 2020, TSC iliwaondoa wengi wasio wenyeji, na madarasa yakabaki na walimu wa kuokoteza. Mwisho kuna ukame wenyewe. Familia zinazofundishwa pamoja hutawanyika kila moja upande wake ukame ukizidi, na darasa huvunjika hata kama mwalimu yuko tayari kuhama. Misimu mitano ya mvua iliyofeli mfululizo tangu mwishoni mwa 2020 iliua zaidi ya mifugo milioni mbili na nusu nchini. Wa kubebea hema nao walikuwa humo.

Hata shule inayohama ikienda vizuri, nyingi huishia Gredi ya 3. Gredi ya 4 mtoto anatakiwa aingie bweni, na hapo ndipo sanduku, godoro na mbuzi aliyekonda hurudi kwenye hesabu.

Kuna mwalimu ambaye ukame haujamshinda, naye ni wa dugsi, chuo cha Kurani cha Wasomali na Waorma. Anahama na familia, anafundisha kwa mbao na wino, analipwa kwa maziwa na mifugo, na wazazi wale wale tunaowaita wapinga elimu humgharamia bila kusukumwa na chifu. Kuunganisha hesabu na kusoma na ratiba ya dugsi kumejaribiwa, na Mombasa ina la kusema hapo: mpango wa madrasa za chekechea, uliochanganya dini na masomo ya awali, ulianza hapa katika miaka ya 1980. Tatizo ni nani atamlipa yule mwalimu saa za hesabu, maana TSC haimtambui na kaunti inamtaka awe na cheti cha chekechea. Kwa maoni yangu hapo ndipo shilingi ya umma ingezaa haraka kuliko kwenye jengo jingine la mawe.

Je, wafungwe?

Sheria ya 2013 inamruhusu hakimu kumtoza mzazi faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Wanaotaka itumike kwa nguvu wasahau kidogo hasira wapige hesabu. Chifu ana mamlaka ndani ya lokesheni yake, na mfugaji hupita lokesheni tano kwa msimu. Akikamatwa baba, mifugo haisubiri kesi. Anayechukua fimbo ni yule mtoto aliyekuwa bado darasani. Chakula cha mchana shuleni, ambacho serikali ilikipokea kutoka Shirika la Mpango wa Chakula Duniani mwaka 2018 na sasa kinaratibiwa na NACONEK, huwavuta watoto wengi kuliko polisi. Ukame ukizidi, shule yenye uji hujaa. Uji ukikatika utaona mapengo kwenye mikeka wiki hiyo hiyo.

Wanaofikia kwetu

Familia nyingi za Hola, Garsen na Garissa huwa na jamaa Mombasa, na mtoto hushushwa Mwembe Tayari katikati ya muhula ili asome huku. Mwenyeji akijua haya ataokoa miezi. Shule ya umma haina ruhusa ya kumkataa mtoto wala kumtoza karo ya masomo. Inaweza kumpima ili ijue gredi inayomfaa, na mtoto wa miaka kumi aliyekosa shule asishangaze mtu akiwekwa Gredi ya 2. Shule ya zamani, kama ilikuwapo, inapaswa kumwachilia kwenye mfumo ndipo shule mpya impokee, kwa hiyo piga simu kwa mwalimu mkuu wa kule kabla hujanunua sare. Kama hana cheti cha kuzaliwa, barua ya naibu wa chifu wa kule alikozaliwa, nakala za vitambulisho vya wazazi na kadi ya kliniki ziletwe na basi lile lile linalomleta mtoto, maana kuzifuata baadaye ni safari nyingine. Akiwa Gredi ya 4 au zaidi, uliza nambari yake ya tathmini ya KNEC na alama za tathmini za shuleni zilizokwisha kuingizwa. Akiwa hana nambari, mwambie mwalimu siku ya kwanza, kwa sababu dirisha la usajili hufungwa miezi mingi kabla ya mtihani.